Jumamosi Saa Kumi, Chaneli ya Kumi na Nne

Tulimzika Mzee Gichuhi mwezi uliopita, kwenye shamba lake nje kidogo ya Kitale, na kwaya ya kanisa ikaimba chini ya waya za antena zake kwa sababu hakuna aliyethubutu kuziteremsha. Baada ya chakula, sahani za karatasi zikiwa bado zinapeperuka kwenye nyasi, bintiye Wambui alinishika mkono akaniingiza katika chumba alichokuwa akitengenezea redio babake. Harufu ilikuwa ileile: risasi ya kuchomelea, vumbi lililopata moto, chai ya maziwa iliyoungulia chini ya sufuria. Akanipa boksi la kadibodi. Ndani mlikuwa na redio ya zamani ya lori, maiki yake yenye waya uliojisokota, kipokezi kidogo kisichozidi kidole gumba, na bahasha. Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa Mzee ulioegemea kushoto: Kwa Naliaka. Usikilize ukiwa umekaa. "Alikaa na hiyo kitu miaka tisa," Wambui aliniambia. "Sisi tulidhani ni uzee. Kila nikipiga simu, ananiuliza mambo ya kompyuta, ati mtu anaondoaje kelele moja na kubakisha nyingine." Ndani ya bahasha mlikuwa na flash disk. Sikuuliza ina nini. Kulikuwa na sekunde sita tu duniani ambazo mimi na Mzee Gichuhi tulikuwa hatujamalizana nazo.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule na sijui niendako. Kaka yangu Barasa alikuwa dereva wa kanta ya kubeba mahindi. Wakati wa kupanda, karibu na Naitiri, alimgonga mzee mmoja wa baiskeli aliyekuwa amebeba maziwa. Waliokuwapo walisimulia kwamba maziwa na damu vilichanganyika barabarani hadi usijue kipi ni kipi, kwamba mtu mmoja alipiga kelele "Ameua!", na kwamba mawe yalianza kuokotwa kabla hata vumbi halijatulia. Barasa aliruka nje ya kanta akakimbia katika mashamba yaliyolimwa, ambayo hayakuwa na hata bua moja la kumficha mtu. Aliacha simu kwenye kiti. Ukimpigia, iliita mikononi mwa askari.

Mzee aliyegongwa aliitwa Wanyama. Alilala siku tisa bila fahamu katika hospitali moja ya Bungoma, na mimi na Mama tulikuwa tukienda huko na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, tukikaa kwenye benchi la ukutani kama watu wanaongojea hukumu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitujua. "Hao ndio wa yule kijana," walinong'ona, kwa sauti ambayo mtu husikia hata asipotaka. Siku ya kumi tulipoingia, Mzee Wanyama alikuwa amefumbua macho, kichwa kimefungwa bendeji nyeupe, mguu umening'inizwa. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Baisikeri yangu iko wapi?" Mzee Wanyama aliuliza.

"Siku tisa umelala," mkewe akamwambia, "unaamka unauliza baiskeli. Mimi hata hujaniuliza."

"Wewe nakuona hapo. Baisikeri ndio siioni." Kisha akatutazama sisi, na Mama akapiga magoti kwenye sementi, kanga ikimdondoka. Mzee alinyoosha mkono uliokuwa na sindano ya dripu. "Inuka, mayi, inuka mama. Huyo kijana arikimbia nini? Mimi sijakufa. Mwambieni arudi nyumbani, aache kurara msituni kama nguchiro."

Hilo ndilo neno tulilopewa kulipeleka. Mzee hajafa. Familia yake haikutaka kesi, askari wakafunga kitabu, na kilichobaki kilikuwa sentensi fupi ambayo mtu mmoja tu duniani aliihitaji, naye hakuwa na simu, hakuwa na anwani, na popote alipokuwa aliamini kwamba ameua. Nimeandika vitabu viwili tangu wakati huo, na kila ninapokaa mbele ya ukurasa mtupu huikumbuka sentensi ile. Sijawahi kuwa na nyingine iliyo nyepesi kuitamka na nzito kuifikisha kama ile.

Mama alifanya alichoweza kufanya. Alinunua taa nyeupe kali, akaifunga kwenye nguzo ya veranda ya nyumba tuliyopanga Kitale, upande unaotazama Mlima Elgon. Kwa kuwa stima ya mtaani kwetu ilikuwa ikipotea kila mara, aliipa taa hiyo paneli yake ya jua na betri yake, mbali kabisa na waya za nyumba. Akasimama mbele ya kina mama wa kanisa akasema taa hiyo haitazimwa, usiku wala mchana, hadi Barasa avuke kizingiti. Usiku ilimulika hadi kwenye ua wa jirani, wakalalamika, kisha wakazoea. Mchana hakuna aliyeiona tena. Iliwaka juani kama vile mtu anavyoongea katika nyumba yenye watu wengi.

Habari ya kwanza ya Barasa ilipatikana kwa Mzee Gichuhi. Alikuwa akitengeneza redio za malori, zile za masafa ya raia ambazo madereva wa barabara ya Suam hutumia kuzungumza, kwa sababu kule mlimani simu hushika mahali pamoja na kukataa kona inayofuata. Dereva mmoja alimletea redio yenye maiki iliyovunjika, na wakiwa wanangoja gundi ikauke akamwambia kuna kijana mgeni kwenye lori la mbao, anavuka kwenda na kurudi Uganda, anajiita jina ambalo haliitikii ukimwita ghafla. Mtu akitaja Naitiri, kijana huyo hushuka garini kwenda kukojoa. Mzee Gichuhi alisali kanisa moja na Mama. Alikuja kwetu jioni hiyo hiyo, kofia mkononi.

Mama alikwenda Suam mara mbili. Mara zote mbili aliulizia, na mara zote mbili watu wenye nia njema walimtangulia kumwambia kijana kwamba kuna mwanamke mwenye lafudhi ya Bungoma anamtafuta. Tuliambiwa baadaye kwamba alijificha chini ya turubai, kati ya mbao, nusu siku. Alidhani ni jamaa wa marehemu. Kadiri tulivyomtafuta kwa miguu ndivyo alivyokimbia, na Mama aliporudi mara ya pili, viatu vyake vimejaa matope mekundu ya mlimani, alikaa jikoni bila kuvivua akasema, "Mimi ndiye ninamfukuza sasa."

"Basi tumwite kwa redio," Mzee Gichuhi alisema. "Jumamosi saa kumi malori yote yanapanga foleni kwa mpaka. Wanaongea chaneli ya kumi na nne. Sauti ya dada yake hawezi kuogopa."

Shamba lake lilikuwa bondeni, nyuma ya mikaratusi, kwa hiyo kituo kilijengwa kwetu. Alifunga mti mrefu wa antena kwenye nguzo ya veranda, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imara, akaweka redio ya lori kwenye meza yetu ya chakula, juu ya kitambaa cha Mama cha kushona maua. Akanifundisha jambo moja akalirudia hadi nikachoka. "Usipige kelele kwa hii maiki. Ukipiga kelele maneno yanavunjika, mtu anasikia tu kishindo. Ongea kama mko meza moja na yeye, chumvi iko katikati." Mama naye alitoa sharti lake. Redio ni ya kila mtu, kila dereva anasikia. Nisitaje ajali. Nisitaje Mzee Wanyama. Nimwite jina, nimsikie ameitikia, nimsalimie, nijue ni yeye na amekaa, kisha ndipo nimpe habari. "Mtu haambiwi jambo kubwa kabla hajasalimiwa," alisema. "Ukimtupia maneno hewani, utakuwa umempa nani?" Hata leo siwezi kumlaumu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa: mgeni aketi, apewe chai, aulizwe za huko atokako, ndipo msiba utajwe.

Jumamosi ya kwanza niliita. "Barasa. Barasa. Huyu ni Naliaka, niko Kitale. Ukinisikia, jibu." Nikaachia kitufe, na redio ikatoa ule mkwaruzo wake, kama mahindi yanayomwagwa kwenye bati bila kuisha. Niliita hadi saa kumi na moja. Mama alikuwa amepika viazi na maharagwe, amekaa ukingoni mwa kiti bila kuegemea, na sufuria ilipoa. Ikawa hivyo Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Sauti za madereva zilipita ndani ya mkwaruzo kama watu wanaotembea nyuma ya ukuta. Mzee Gichuhi aligeuza vitufe vyote vya redio, akabadilisha waya, akapandisha antena. "Hii redio ni kiziwi, si bubu," alisema siku moja, akifuta miwani. Nililisikia neno hilo na sikulitafakari. Niliamini, kama watu wote wa nyumba ile, kwamba ikiwa sisi hatumsikii basi yeye naye hatusikii. Tulidhani kimya ni kitu kimoja, tumekigawana sawasawa.

Mvua zilikuwa zimekolea Wambui alipomtumia babake kile kipokezi. Alikuwa anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, na Mzee alikuwa amemwomba kitu cha kusikilizia. Nilikitazama nikacheka kwa uchungu. Kilikuwa kidogo, cheusi, kina mdomo wa kuchomeka kwenye kompyuta upande mmoja na tundu la antena upande wa pili. Hakikuwa na spika wala kitufe. Kazi yote ilifanywa na programu ndani ya kompyuta kuukuu niliyoiazima kwa binamu. Lakini Mzee alipoifungua programu ile, masafa yote ya madereva yalitokea kwenye kioo kwa wakati mmoja, kama pazia la buluu linaloteremka polepole kutoka juu, na kila aliyebonyeza maiki yake mahali popote alionekana kama uzi wa manjano unaoshonwa kwenye pazia hilo. "Ona," Mzee alisema, sauti yake imekuwa ya kijana. "Masikio yetu yamezeeka. Sasa tutatumia macho."

Tulikilea kile kipokezi kama mtoto mchanga. Alikiweka mbali na kompyuta kwa waya mrefu, kwa sababu kompyuta yenyewe hupiga kelele. Akazungusha waya kwenye pete nyeusi nzito ya kuzuia kelele, mizunguko saba, kama mama anayemfunga mtoto kitovu. Akanikataza kuchomeka chaja. Akanifundisha kwamba ukiongeza nguvu ya kupokea kupita kiasi unakiongezea kelele pia, kwa hiyo tulishusha, tukashusha tena, hadi pazia likawa na giza la kutosha uzi kuonekana. Kwa kuwa redio ikisema karibu nacho ingekiunguza, aliweka swichi ya mkono mezani: juu kusikia, chini kusema. Na kila Jumamosi kompyuta ilihifadhi kila kitu, masafa yote, ili turudie baadaye. Tulisikia ajabu nyingi. Kulikuwa na alasiri ambazo anga lilifunguka na sauti za madereva wa nchi nisizozijua zikaingia safi kabisa, zikicheka kwa lugha ngeni, zimevuka bahari na majangwa. Kaka yangu alikuwa upande wa pili wa mlima mmoja.

Kisha nikamwona. Nasema nikamwona kwa sababu sina neno lingine. Niliita, nikapandisha swichi, na kwenye chaneli ya kumi na nne, ndani ya ukungu wa manjano uliofunika pazia letu lote, uzi mwembamba mno ukashonwa kwa sekunde nne na kukatika. Niliita tena. Ukaja tena. Nikingoja, haukuja. Nikiita, ulikuja. Nilimshika Mzee mkono nikamwumiza. Tuliweka vichwa kwenye spika, na humo hamkuwa na kitu ila mahindi yakimwagwa kwenye bati. Mama alisimama nyuma yetu akiutazama uzi ule. "Huyo ndiye?" aliuliza. Mzee akasema hajui, ni mtu anayetujibu, lakini kelele imekaa juu yake. "Itoeni basi," Mama alisema. "Nyinyi si mafundi? Itoeni."

Tuliisaka kelele ile wiki tano. Mzee alizima swichi kuu ya stima, nyumba ikawa kimya, friji ikakoroma mara ya mwisho, na ukungu haukusogea hata nukta. Akasema basi haitoki ndani, ni ya jirani. Tukaenda kwa majirani, nyumba hadi nyumba, tukiomba wazime televisheni, chaja, ua wa umeme wa ng'ombe. "Mzee, si useme tu unataka tulale saa kumi," jirani mmoja alituambia, mdomo umejaa miwa, "ati redio inasumbuliwa na friji yangu? Friji hata haijui kuongea, bana." Lakini akazima. Wote walizima, kwa sababu walimjua Mama. Jumamosi moja mtaa mzima wa kwetu ulikaa bila stima saa nzima kwa ajili ya kaka yangu, na ukungu ukabaki palepale, na juu ya vichwa vyetu, kwenye nguzo iliyobeba antena, taa ya Mama iliwaka juani na hakuna aliyeinua macho.

Kisha zikaja siku za mawingu, nne mfululizo, mchana usio na jua hata la kukausha kitambaa. Jumamosi ilinikuta mezani, Mzee akiwa njiani anachelewa kwa matope. Niliita. Nikapandisha swichi. Ule ukungu wa manjano ukatetemeka, ukapauka, ukaondoka kwenye pazia kama mvuke kwenye kioo, na nyuma yake buluu ikawa nyeusi, safi kama ambavyo sijawahi kuiona. Wakati huohuo nilisikia Mama akipiga yowe nje.

"Imezima! Taa imezima! Mwanangu amekufa!"

Na kutoka kwenye spika, mahali pale pale kwenye kitambaa cha maua, pasipo mkwaruzo hata kidogo, kaka yangu akasema: "...Naliaka, kila Jumamosi nakujibu. Unaniita, nakujibu, unanyamaza. Ni nini? Kama hamnitaki si mseme, nijue. Hii ni mara ya mwisho nasimama hapa."

Nje Mama alikuwa akilia kilio cha msiba, kile cha kuita watu, na nilisikia miguu ya jirani ikikimbia na sauti ya kiume ikisema tulia Mama Barasa, ni betri tu, nina ya gari, lete hiyo waya. Nilipaswa kutoka nimzuie jirani. Lakini hapo bado nilikuwa sijaelewa. Nilielewa ukungu ulipoanguka tena kwenye pazia, wote kwa mpigo mmoja, sauti ya kaka yangu ikazama katikati ya neno, na nje kina mama wakashangilia kwamba taa imewaka.

Nilishusha swichi nikaishika maiki kwa mikono miwili. Nilivunja sharti la Mama na sharti la Mzee kwa pumzi moja. Sikumsalimu. Nilipiga kelele kwa nguvu zote za kifua changu. "Hajafa! Barasa, yule mzee hajafa! Yuko hai! Rudi nyumbani! Hajafa!" Nilisema mara mbili, labda tatu. Nikapandisha swichi. Ndani ya ukungu ule uzi ukaja, mwembamba, wa sekunde sita. Ukakatika.

Amejibu. Nililia hadi nikateleza chini ya meza. Mama alipoingia, macho mekundu, nilimwambia yuko hai, nimemsikia, nimemwambia, na ameitikia. Sikumngoja Mzee. Sikuita tena. Kulikuwa na haja gani? Nilikuwa nimeufikisha ule ujumbe, na sekunde sita zinamtosha mtu kusema nimesikia, nakuja. Mzee Gichuhi alipofika, matope hadi magotini, nilimweleza kwamba kelele ilikuwa ya taa. Alitoka, akaitazama juu ya nguzo, kichwa kimeinama upande kama anayesoma jina kaburini. "Mimi fundi wa miaka arobaini," alisema. "Nimefunga antena kwa nguzo hiyo kwa mkono wangu." Mama alimsikia. Alipanda kwenye stuli yeye mwenyewe, akaizima taa kwa mkono wake, akasema haina kazi tena, mwenyewe anarudi.

Tulichinja kuku Jumapili. Tulipika ugali wa wimbi, mboga ya mrenda, tukamwekea firigisi yake, ile ambayo wasichana hawagusi. Jumatano tulipika tena. Jumamosi, redio yetu sasa ikisikia hadi kikohozi cha mtu wa Suam, niliita, na aliyejibu alikuwa dereva wa sauti nzito. "Kitale, yule kijana wenu alishuka Jumatatu. Alichukua blanketi yake, ati anaenda kazi mbali, huko Sudan Kusini. Lakini nyinyi watu! Kijana anawajibu miezi yote, mbona mlikuwa mnamnyamazia?" Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alirudi jikoni.

Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyoisha, na hivyo ndivyo tulivyoishi baada yake. Alisikia, akajibu, akakataa kuja. Mama hakulitaja jina lake tena. Watu waliomwita Mama Barasa walijifunza kumwita Mama Naliaka. Taa ilibaki kwenye nguzo, buibui wakajenga ndani. Mzee Wanyama alipona, akachechemea, akaja kututembelea kwa baiskeli nyingine, akauliza kila mara, "Hajarudi tu?" Alifariki miaka miwili iliyopita, kitandani kwake Naitiri, amezungukwa na wajukuu. Ni Mzee Gichuhi peke yake ambaye hakukubali. "Sekunde sita hujui zinasema nini," aliniambia kila tulipokutana, na mimi nilimjibu kwa ukali ninaouonea aibu sasa: najua, Mzee, achana nazo. Sikutaka kusikia kaka yangu akikataa kwa sauti yake mwenyewe.

Usiku wa mazishi nililala kwa Mama na sikuifungua bahasha. Niliifungua asubuhi, kwenye meza ileile, nimekaa. Mzee alikuwa ameing'oa kelele ya taa uzi kwa uzi, miaka tisa, na alichobakisha kilikuwa na mwangwi wa chuma, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Lakini alikuwa yeye. Alikuwa anahema. Alisema:

"Naliaka? Umesema nini? Umepiga kelele, sijashika maneno. Sema tena."

Basi. Kisha, katika sekunde ya mwisho ambayo Mzee alikuwa ameiacha makusudi, pumzi ya mtu aliyeshikilia kitufe akingoja, na kitufe kikaachiwa.

Mama alikuwa ameingia akisukuma mlango kwa kiwiko, vikombe viwili mkononi. Sikujua amesikia kiasi gani. Aliweka vikombe mezani, chai ikamwagikia kitambaa cha maua, hakukipangusa. "Rudisha nyuma," alisema. Nikarudisha. Alisikiliza mara tatu, akiwa amesimama, na mara ya tatu alivuta kiti akakaa. "Hakukataa," alisema. Halafu: "Miaka tisa nimemkasirikia mtu aliyeomba tu aambiwe tena."

Ilikuwa Jumamosi. Niliitoa redio kwenye boksi nikaiunga kwa betri ya gari, nikapanda kufunga antena kwenye nguzo, pembeni ya taa yenye buibui. Sikujua kama Barasa yuko Sudan Kusini au chini ya ardhi. Sikujua kama malori bado yanapanga foleni, kama kuna mtu yeyote anayeiwasha chaneli ile siku hizi. Saa kumi kasoro, Mama alikwenda mwenyewe kwenye ukuta akashusha swichi kuu ya stima, akachomoa chaja ya simu yangu, akatoka akaikagua veranda yote kwa macho yake dhaifu, kisha akarudi akakaa mbele yangu, upande wa pili wa meza. Chumvi ilikuwa katikati.

"Taratibu," aliniambia. "Umsalimie kwanza."

Nikabonyeza kitufe.

"Barasa, habari za jioni. Ni Naliaka. Niko na Mama, tumekaa mezani, tuna chai. Uliniambia niseme tena. Nasema tena: yule mzee hakufa siku ile."

Nikakiachia kitufe. Mama alikuwa ameinamia redio, kiganja nyuma ya sikio, na nyumba nzima ilikuwa imezimwa.